Vidonge Vilipopewa Likizo

Tarehe 26 Desemba, mwaka juzi, saa tatu asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa na miaka hamsini na nne. Alikuwa fundi wa kuezeka mabati, na hapa Bagara ukitembea kidogo tu utapita nyumba ambazo alipanda juu ya mapaa yake.

Siku ya maziko walisoma wasifu wake. Waliandika kwamba alifariki "baada ya kuugua ghafla". Nilikuwa nimekaa mbele kwenye mkeka, kitenge kimenifunika mpaka usoni, na neno hilo lilinichoma kuliko sauti ya koleo. Ghafla! Presha aliishi nayo miaka sita. Kadi ya kliniki ilikuwa kwenye droo, imechakaa kona zote. Aliyeandika wasifu hakuniuliza. Na mimi sikuinua mkono kumsahihisha, kwa sababu aliyeviweka vile vidonge juu ya kabati ni mimi.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana kwetu jambo hili si siri, ila haliandikwi.

Kwenye kliniki ya presha, nesi humwambia kila mgonjwa: dawa na pombe havichanganywi. Watu wanamsikia vizuri sana. Mume wangu alikuwa mtu mtiifu. Mwaka mzima hakugusa pombe, na kila asubuhi baada ya chai alimeza kidonge chake. Lakini Krismasi ikikaribia, ndugu wanafika kutoka Arusha na kutoka Dareda, mbuzi anafungwa nyuma ya nyumba, pombe ya mtama inapikwa, na mwanaume mzima anaona aibu kukaa na chupa ya soda kama mtoto wa kipaimara. Basi kwa kuwa viwili havichanganywi, kimoja lazima kipishe. Kinachopisha ni dawa.

Wanaume wanalizungumza hadharani, tena kwa fahari, kama watu waliofanya jambo la busara.

"Vyangu nimeshavipa likizo."

"Tangu lini?"

"Tangu ishirini. Vimepanda basi, vimeenda kula sikukuu kwao."

Wanacheka. Halafu mmoja anaongeza kwa sauti ya mtu mwenye elimu, "Usicheze, ukichanganya unakufa." Yaani wanaamini kabisa kwamba hapo wanalinda uhai wao. Hilo ndilo linalonitoa machozi ya hasira mpaka leo. Si kwamba walikuwa wazembe. Walikuwa wakijihadhari.

Mwaka ule, tarehe 22, mume wangu alinipa pakiti yake. "Mama watoto, weka juu. Tutaonana navyo tarehe mbili."

Nilimwuliza kitu kimoja tu. "Hata nusu?"

"Nesi alisema nini? Usichanganye."

Nikapanda stuli, nikaisukuma pakiti nyuma ya sanduku la nguo. Nilikuwa na mchele wa kuchambua. Tena miaka miwili iliyotangulia tulifanya hivyo hivyo na akapita salama, na huo ndio ulikuwa ushahidi wetu. Nimeishia darasa la saba, lakini hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kuvuka barabara mara mbili bila kuangalia si ufundi wa kuvuka barabara.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, tulikwenda Nakwa kwa mama mkwe, kama kila mwaka. Tulikula pilau na nyama, wanaume wakanywa pombe ya mtama. Saa tisa hivi mchana mume wangu aliangusha kikombe. Aliinama kukiokota kwa mkono wa kulia, mkono haukukamata, akakichukua kwa mkono wa kushoto. Alisema kitu, maneno yakatoka mazito.

Shemeji yangu, mdogo wake wa kumfuata, alipiga makofi. "Kaka! Mwaka huu imekukuta mapema!"

Mwingine akadakia, "Mtoeni hapo, fundi wa mabati ameanza kuvuja."

Kicheko kilijaa ua mzima. Na mimi nilicheka. Ningeweza kuliacha hili, hakuna ambaye angejua, lakini nilicheka. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, nikauona kwa macho yangu mawili, nikasema ni pombe. Tulimlaza chumbani kwa mama mkwe, nikamfunika blanketi, nikawaambia watoto wamwache baba yao apumzike. Tukarudi uani kula matikiti.

Kulipokucha hakuweza kusimama wala kusema. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimtazama, akanigeukia.

"Hii hali imeanza lini, mama?"

"Jana saa tisa."

"Saa tisa usiku?"

"Mchana."

Hakunigombeza. Alisema ni kiharusi, akasema watajitahidi. Heri angenigombeza.

Sasa msikie kilichofuata. Hata matanga hayajaisha, maneno yalikuwa yameshapikwa: aliwekewa kitu. Mwanaume mwenye afya vile, wiki iliyopita alikuwa juu ya paa, leo amekufa baada ya vikombe vitatu? Na pombe ilitoka kwa nani? Ilitoka kwa jirani wa mama mkwe, mama mjane anayepika pombe ya mtama na kuwauzia watu wa Nakwa tangu sijaolewa. Watu kumi na tano walikunywa kutoka kwenye ndoo ile ile na kumi na wanne waliamka salama, lakini hilo halikumzuia mtu. Yule mama alikuja msibani na sufuria ya maharage kichwani. Wakampokea, wakamshukuru, alipoondoka wakayamwagia kuku. Kuku hawakufa. Hilo nalo halikumzuia mtu.

Niliona yote. Pakiti ilikuwa bado iko nyuma ya sanduku, na kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Nilijiambia mimi ni mfiwa, mfiwa hasemi. Ilinifaa kuamini hivyo.

Mwaka mzima ulipita. Nililima shamba letu la Sigino peke yangu, mahindi na mbaazi. Mwezi wa tano shemeji alizidiwa na kizunguzungu, akaenda kupimwa, naye akakutwa na presha. Akapewa kadi kama ya kaka yake. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba angalau huyu ameonekana mapema.

Krismasi ya mwaka jana tulikutana tena Nakwa. Na sikujua nicheke au nilie nilipoona ulinzi uliowekwa. Mama mkwe alikuwa ametangaza: hakuna kinywaji cha jirani kuingia ndani ya ua. Soda ifunguliwe mbele ya macho ya mnywaji. Chakula kipikwe na watu wa nyumbani tu. Shemeji alikuwa ameifuata pombe yake mpaka Dareda, dumu la lita kumi, mfuniko ameufunga kwa kamba, na mafundo anayajua mwenyewe. Kikombe chake alikifunika kwa kisosi. Akienda chooni alikwenda nacho.

"Mimi mwaka huu sichezi na afya yangu," aliwaambia watu. "Kaka alikuwa mwepesi wa kuamini."

Nilikuwa nagawa nyama. Nikamsogelea. "Shemeji, na vidonge?"

"Vidonge gani?"

"Vya presha."

Akatabasamu kama ananifundisha. "Viko likizo tangu juzi, shemeji. Au unataka nichanganye nife?"

Niliweka sinia chini. Sikumbuki niliiweka wapi, baadaye mtu aliniambia niliiweka kwenye udongo. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kanisani hata ushuhuda sijawahi kutoa. Lakini nilisikia sauti yangu, na ilikuwa kubwa.

"Kaka yako hakuwekewa kitu."

Shemeji akasema, "Shemeji, leo ni sikukuu."

"Ndiyo, sikukuu. Na yeye ilikuwa sikukuu. Aliacha dawa siku tatu kabla, kama wewe. Mimi ndiye niliyeziweka juu ya kabati. Ziko huko mpaka leo, njooni mhesabu. Alipoangusha kikombe alikuwa anapooza, na sisi tulikuwa tunacheka. Wewe ulipiga makofi. Mimi nilimfunika blanketi."

"Unataka kusema ndugu yangu alijiua?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema! Mbele ya watoto wake umesema!"

"Nimesema aliacha dawa. Unafunika kikombe kwa kisosi, unafunga dumu kwa kamba, unamwogopa mama wa watu, na kinachoua umekibeba mwenyewe mwilini. Unajilinda na nani? Yule mama hakumtilia mtu kitu. Maharage yake mlimwagia kuku bure."

Mtu mmoja alijaribu kuniketisha, akinishika bega, "Mama, uchungu huo, tunaelewa." Nikautoa mkono wake. Sikutaka kueleweka kwa namna hiyo. Kwetu mwanamke akisema ukweli msibani au karibu na msiba, wanamwambia ni uchungu, wanampa maji ya kunywa, na ukweli wake unaenda na maji.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango. "Mwaka mzima umekaa na maneno hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi mwaka mzima sijamsalimia jirani yangu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alimwita mjukuu amletee fimbo yake, akasimama, akatoka uani akielekea upande wa nyumba ya jirani. Hakukubali kusindikizwa. Alichokwenda kusema huko hakutuambia. Alikaa muda mrefu.

Shemeji alichukua dumu lake akaingia nalo ndani. Mke wake alinifuata nyuma ya nyumba, akalia, akasema yeye naye alimwuliza mumewe juu ya vidonge na akajibiwa vile vile. Nikamwuliza viko wapi. Akasema, "Juu ya kabati." Tulitazamana.

Nilirudi Bagara kwa miguu na watoto wangu. Sikuona nafuu yoyote. Watu husema ukitoa la moyoni unapumua. Mimi nilikuwa na hasira kuliko asubuhi, maana sasa nilijua kwamba ningeweza kusema mwaka mzima uliopita na dunia isingeanguka.

Kesho yake, tarehe 26, nilikuwa nafagia uwanja, nikijiandaa kwenda kaburini, bajaji ikasimama nje. Ndani alikuwemo shemeji peke yake, amevaa shati la jana, kadi ya kliniki imekunjwa mkononi. Hakushuka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Leo wamefungua?"

"Hospitali haifungwi."

"Basi panda."

Njia nzima alishika chuma cha kiti cha dereva kwa mikono miwili, na niliiangalia mikono ile, yote miwili, kama inakamata sawa.

Hospitali kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotegemea. Kijana aliyeanguka na pikipiki, mtoto aliyeungua kwa uji, wazee kadhaa waliokaa wameshika vichwa. Tulipoitwa, nesi alimfunga mkono, akapima. Hakutusomea namba. Akahamia mkono wa pili, akapima tena.

"Dawa umemeza lini mara ya mwisho?"

Shemeji alinitazama. Nilidhani atasema jana. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia mbele ya nesi.

"Tarehe ishirini na mbili," alisema.

"Kwa nini?"

"Mlisema tusichanganye na pombe."

Nesi aliweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu ya mtu aliyekesha. Hakupiga kelele. "Baba, cha kuacha ni pombe. Dawa haiachwi. Hata ukiteleza ukanywa, dawa haiachwi, unakuja kutuambia. Tuliposema usichanganye hatukusema uache dawa. Nani aliwaambia muache dawa?"

Hakuna aliyetuambia. Tulijiambia wenyewe, tukaambiana.

Alimwita daktari, wakazungumza pembeni, akarudi na kidonge na kikombe cha maji. Shemeji alimeza. Wakamwambia akae kwenye benchi asiondoke, watampima tena baada ya saa moja. Akakaa. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa natamani kumkumbatia na natamani kumzaba kofi, na sikufanya lolote.

Ilipita kama robo saa. Nesi alipopita mbele yetu amebeba mafaili, shemeji aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Nesi, samahani. Na mwaka mpya je, kidogo tu?"