Mama Visingizio Aenda Kupimwa

Jina la Mama Visingizio alipewa na mumewe, naye hakulikataa, kwa sababu visingizio ndivyo vilivyomlisha. Kazini walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari wa sindano bali wa utafiti. Maisha yake yote alikuwa na swali moja: kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu, kliniki iko jirani, upimaji wenyewe bure, haendi kupimwa saratani?

Alianza akiwa mwanafunzi, akigonga milango ya watu. Wengine walimfungulia, wengine walimfungulia mbwa. Akasikia mengi. Sina muda. Sina wa kumwachia watoto. Kwetu hakuna ugonjwa huo. Mimi mzima, nikatafute maradhi kwa tochi ya nini? Yeye hakubisha wala hakuhubiri. Alikaa kitako, akauliza kwa upole, "Na chini ya hilo kuna nini?" Alizimenya sababu zao moja moja kama anamenya kitunguu, na mwisho wake alikuta kitu kilekile kimejikunyata: woga. Aliuandikia woga huo kitabu kizima. Ukampandisha cheo, ukampa ofisi yenye dirisha na kiti cha kuzunguka. Alidhani yeye na woga wanafahamiana.

Asubuhi moja alikuwa anaoga, mkono wenye sabuni ukapita kwenye titi la kushoto, ukasita.

Palikuwa na kitu. Kigumu, ukubwa wa punje ya mahindi, wala hakikuuma. Kule kutouma ndiko kulikomtisha, maana alijua maana yake inaweza kuwa nini. Akajiambia vinundu vingi si saratani. Ni kweli, na mwenyewe alikwisha kuyasema hayo kwenye mikutano kwa sauti ya kujiamini. Sasa ile sauti aliisikia kama ya mchuuzi anayetaka kumwuzia kitu kibovu. Akakaa chini palepale bafuni huku maji yakimmwagikia.

Hakumwambia mtu. Alisema angoje mwezi upite. Mwezi ukapita, akasema kwanza aimalize ripoti. Ripoti ikaisha, mvua zikaanza, na nani anatoka na mvua hizo? Kila sababu aliijua kwa sura, kwa kuwa aliwahi kuisikia kwa mtu mwingine, na bado aliikaribisha na kuipa kiti.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa utani toka ujana. Aliivumilia hali ile, kisha siku moja wakinywa chai akaweka kikombe chini.

"Mama Visingizio, una nini wewe?"

"Kazi nyingi tu."

"Na chini ya kazi?"

"Uchovu."

"Na chini ya uchovu?"

Alimkata jicho, maana ile silaha ilikuwa yake. Kisha akauchukua mkono wa mumewe, kucha zimejaa grisi, akauweka mahali penyewe. Utani ukamwisha mzee wa watu.

"Nenda leo," akasema. "Mke wangu, nakuomba. Leo."

Akaenda. Lakini kliniki ya jirani, wauguzi wake karibu wote aliwafundisha yeye, na kabla hajafungua mdomo walishamzunguka. "Karibu Dokta! Umekuja kutukagua?" Alitaka kusema hapana. Kinywa kikajibu chenyewe, "Nimepita kuwaona kidogo." Basi akatembezwa, akaonyeshwa mapazia mapya, akapewa soda, akasifu usafi, akaondoka na kinundu chake. Wiki iliyofuata akarudi, na mambo yakawa yaleyale. Safari hii alishauri hata choo cha wagonjwa kipakwe rangi. Msomi mzima, anamkimbia muuguzi kwa kujifanya mkaguzi! Husemwa mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa anapita mlangoni kwa mganga akipunga mkono. Nyumbani alidai foleni ilikuwa ndefu. Mumewe hakumwamini hata nusu.

Mara ya tatu mumewe alimpeleka kwa pikipiki, akaizima getini na kubaki juu yake, mikono kifuani. Pa kutokea hapakuwapo. Dokta akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, kando ya mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyepakata mkoba mkubwa.

"Dokta, mbona huko?" muuguzi akamwita. "Pita ofisini."

"Leo mimi ni mgonjwa," akasema. Yule fundi cherehani akageuka kumtazama.

Ndani alilala chali, mkono nyuma ya kichwa. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole, aliyefanya kazi yake kimya. Vidole vilizunguka, vikapita, vikarudi, vikakaa. Hapo yule binti akaanza kuongea.

"Unajua Dokta, jirani yangu kanunua jogoo. Anawika mchana kutwa, kulivyo na jua..."

Moyo ulimpasuka. Wanawake walikuwa wamemwambia miaka mingi kwamba ukimya wa muuguzi unaua kuliko ugonjwa, ndipo akawafundisha wauguzi: mkono ukikuta kitu, usinyamaze, zungumza jambo lolote la kawaida mpaka umalize. Mwanamke mwingine angecheka habari ya jogoo. Yeye ilimwingia kama kisu.

"Umekipata," akasema.

Binti akaiacha habari ya jogoo. "Nimekipata, mama."

Hakumwita tena Dokta. Daktari aliitwa, akapima, akasema bila kuzunguka kwamba hakipendi kinundu hicho. Wiki ijayo watachukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, kisha ndipo watajua. Dokta aliitikia kwa kichwa kila neno. Hakusikia nusu yake.

Alipofika mlangoni akasimama. Wanaongoja nje humsoma usoni anayetoka. Aliwahi kuona benchi zima likitawanyika kwa ajili ya mmoja aliyetoka analia. Akajifuta macho, akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Akatoka hivyohivyo, akaketi mahali pake kwenye benchi.

"Wamekwambia nini?" fundi cherehani akauliza kwa kunong'ona. Alikuwa ameshasimama nusu, macho kwenye geti.

Dokta alikuwa na majibu ya swali hilo, ameyapanga vizuri, yamejaribiwa kwa watu wengi. Hata moja halikuja.

"Wameona kitu," akasema. "Bado hawajui ni nini. Naogopa, dada yangu. Naogopa sana. Nimekaa nacho miezi nikikikimbia, na laiti ningekuja siku ile ya kwanza."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akaita mwingine. Fundi cherehani akalitazama geti, akamtazama Dokta.

"Usiondoke," akasema. "Tafadhali. Nishikie mkoba wangu."

Akaingia. Dokta akaupakata ule mkoba kwa mikono miwili, mzito wa vitambaa, akaanza kulia mbele za watu.