Vidole vya Mama Vilipokataa Kunyooka

Mama alipotolewa rovu shingoni, tulidhani yamekwisha. Kwa miaka mingi alilifunika kwa leso, hata kwenye joto la kiwanda cha magunia kule Industrial Area alikokuwa akishona. Alirudi nyumbani na kovu jembamba, akajitazama kwenye kioo, akacheka.

Siku ya tatu akaniambia, "Midomo inanichonyota, kama nimekula pilipili."

Kesho yake kikombe kilimponyoka. Vidole vilikuwa vimejikunja, gumba limeingia kiganjani, na hakuweza kuvinyoosha. Nilimkanda kwa maji ya moto, wapi! Adhuhuri akaanguka sakafuni, mwili umekakamaa, povu linamtoka.

Akina mama wa kanisa lake wakajaa chumbani mwetu. Mmoja, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana huko kwao magharibi mwa nchi, alinishika bega. "Hii si ya daktari, mwanangu. Shetani amepata mlango pale walipokata."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtu mzima, na nilipiga magoti pamoja nao. Tuliomba siku mbili. Katika siku hizo mbili Mama alianguka mara tatu.

Alipoanza kuvuta pumzi kwa mlio, ndipo nilipomkimbilia jirani mwenye gari, akatufikisha hospitali. Muuguzi alimfunga mkanda wa kupima presha. Ulipokaza, mkono wa Mama ukajikunja wenyewe, vidole vikakutana ncha kama anayeokota chumvi. Daktari aliutazama, kisha akalitazama kovu.

"Nyuma ya rovu kuna tezi nne," akaniambia, "ndogo kama punje za mchele. Chembe hai zake zinaonja kalsiamu kwenye damu. Ikipungua hata kidogo, zinatoa homoni ya kuiamuru mifupa iachilie nyingine. Nadhani za mama yako zilitoka na rovu. Sasa damu haina wa kuionja, kalsiamu imeshuka, ndiyo maana neva zinafyatuka ovyo."

"Zitaota tena?"

"Hapana, dada."

Walimdunga kalsiamu mshipani, polepole. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Mama akanigeukia.

"Mbona mlikawia?"

Nikamvutia shuka hadi kifuani.

Aliishi kwa vidonge, asubuhi, mchana na jioni. Kiwandani hakurudi, macho yaliingia ukungu na hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Mwaka wa pili, dawa zilikosekana hospitalini kwa majuma kadhaa, akawa anazigawa nusu nusu bila kuniambia. Alianguka asubuhi moja akianika nguo. Safari hii hakuna aliyeomba kwanza. Majirani walimbeba mbio, lakini alikata roho kabla hatujafika.

Msibani yule rafiki yake alinijia, akanishika bega kama siku ile. Nami sikuwa na kosa la kumlaumu ambalo halikuwa langu pia. Nilimpa kiti, nikaenda kuwamiminia wageni chai.