Fundo la Upande wa Mbele

Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa chochote serikalini. Alikuwa fundi wa kusafisha mifereji ya paa, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa dhihaka, kwa sababu hakupanda ngazi kabla ya kukagua miguu yake, vipandio vyake na udongo iliposimama.

"Kagua na mbingu basi, isije ikakuangukia," walimwambia.

Yeye aliendelea kukagua. Baadhi yao leo wanatembelea magongo, na sioni cha kuchekesha hapo.

Mifereji migumu ni ya nyuma, pale nyumba ilipobanana na ukuta wa jirani hata ngazi haipati pa kusimama. Hapo Mkaguzi alipandia ubavuni, kisha akashuka taratibu juu ya vigae akiwa amefungwa kamba kiunoni. Kamba ilivuka mgongo wa paa na kuteremka mbele, ambako ncha yake ilifungwa kwenye nguzo ya baraza. Aliye nyuma haioni ncha hiyo. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Yeye alirusha kamba. Mke wake aliifunga, akaketi kwenye stuli kando ya nguzo ili mtu asije akaifungua, kisha akaivuta mara mbili. Mkaguzi alijibu mara moja, ndipo akaanza kushuka. Kwa kazi hiyo walimlea binti yao.

Mke akafa kwa ugonjwa. Baada ya mazishi Mkaguzi hakulia. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa alale. Asubuhi moja binti alimwuliza kama sare yake ya shule imekauka, naye akasimama uani ameishika ile sare, asijue kama ni mbichi au kavu.

Mama mmoja mwenye nyumba alipompigia simu kwamba maji yanaingia chumba cha nyuma, alisema atakuja, kwa sauti ile ile ambayo angesema hatakuja. Dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye mwili na mdomo, akajitolea kumsaidia.

"Mimi nitakaa nguzoni, shemeji. Ukianguka, yule mtoto nitamlea mimi, na vile anavyokula nitafunga duka."

Mzaha, lakini ndiyo ilikuwa hali yenyewe. Mtoto alibakiwa na mzazi mmoja, na mzazi huyo alikuwa anakwenda kupanda paa.

Walipofika, Mkaguzi alikagua ngazi, akaifunga juu na chini. Akarusha kamba, ikaangukia mbele na chupa ya maji iliyofungiwa nchani kuipa uzito.

"Kaa pale kwenye nguzo," alimwambia shemeji yake.

Shemeji akaketi. Hakuambiwa afunge, hakufunga. Kwa miaka yote mikono ya Mkaguzi haikuwahi kufunga fundo lile, wala kinywa chake hakikuwahi kuagiza lifungwe. Alipanda.

Juu aliketi akingoja kuvutwa mara mbili. Hakuna kilichovuta. Akateremka kigae kimoja, kisha kingine. Mfereji ulikuwa chini yake, umejaa matope na majani, na mpira wa kitoto umekwama mdomoni mwa bomba la kuteremshia maji. Akasimama. Hakusimama kwa hofu. Mwili ulizoea kujibu, na haukuwa umeulizwa. Akaivuta kamba yeye mwenyewe.

Ikaja. Akavuta tena, ikaja tena, mpaka ile chupa ikaibuka juu ya mgongo wa paa, ikabingirika juu ya vigae na kutulia gotini pake.

"Shemeji!" aliita. "Kamba umeifunga?"

"Kuifunga? Nimeiona inapanda nikajua unaitumia huko!"

"Umeiacha ipite tu?"

"Sasa ningegombana nayo? Wewe si ndiye fundi?"

Mama mwenye nyumba naye akatoa kichwa dirishani. "Baba, kipande chenyewe kidogo, malizia tu! Mvua hiyo!"

Mkaguzi aliitazama chupa. Moyo haukumwenda mbio. Alijua ulipaswa kwenda mbio. Angeweza kumalizia, yeyote kati ya wale waliomcheka angemalizia. Msiba unaweza kumwondolea mtu hofu, lakini haumwondolei wajibu, na asiyehisi hofu ndiye anayepaswa kukagua zaidi. Alikumbuka sare ya binti yake kwenye kamba ya nguo. Akageuka, akapanda kinyumenyume kwa makalio, kigae kwa kigae, hadi kwenye ngazi.

Chini hakugomba. Alirusha kamba upya, akaenda mbele, akafunga fundo mwenyewe, akalifungua, akampa shemeji ncha.

"Funga wewe."

Alifunga, vibaya. Akafunga tena.

"Nikishafika juu, vuta mara mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Ndivyo alivyokuwa akivuta."

Shemeji akalikaza fundo mara nyingine.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka Mkaguzi alipoketi tena juu ya vigae. Kamba ikavutwa mara mbili, kwa nguvu mno, nusura imwangushe chali. Haukuwa mkono aliouzoea. Alijiweka sawa juu ya vigae. Kisha akajibu mara moja, akashuka hadi mferejini, akautoa mpira kwanza.