Injini Iliyongoja Vifaranga

Gari la baba lilikaa chini ya mparachichi wetu pale mtaani Nengo miaka mitano bila kutembea, na katika miaka hiyo mama aliligeuza sebule yake. Kila baada ya chakula cha mchana alitoka na ungo wa maharage, akafungua mlango wa mbele, akaketi na kuanza kuchambua. Madirisha aliyaacha wazi. Upepo wa ziwa uliingilia moja ukatokea jingine, na mara nyingi nilipotoka kwenye cherehani zangu mjini nilimkuta amelala humo, ungo mapajani, vivuli vya majani vikimcheza usoni. Sikumwamsha. Nilifungua mlango wa nyuma polepole, nikakaa mahali pangu pa utotoni, nyuma ya kiti cha baba, nami nikafumba macho.

Lilikuwa gari la Kifaransa, tayari zee siku baba alipolinunua, miaka michache baada ya sisi kurudi nchini kwetu kutoka Tanzania. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyozidi maziwa. Mtaa mzima uliliita Mfaransa. Lilinuka petroli, mbao za biashara ya baba, na samaki wadogo aina ya sambaza waliowahi kumwagika kwenye buti siku moja, harufu yao isitoke tena. Fimbo ya gia haikuwa sakafuni kama magari ya leo. Ilikuwa pembeni mwa usukani, na kwa hiyo mbele hapakuwa na viti viwili. Palikuwa na kiti kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango, kama benchi la kanisani lililowekewa sponji.

Kiti hicho ndicho kilichotupa habari za nyumbani. Jumapili tulipokuwa tukipanda kwenda misa Nyundo, sisi watoto tuliobanana nyuma tulitazama kwanza mama amekaa wapi. Akikaa katikati, bega lake likigusa la baba, tulijua kuna amani, na pengine tungenunuliwa mandazi tukirudi. Akikaa dirishani, mkoba wake mweusi umewekwa katikati kama mpaka wa nchi, tulinyamaza. Kwaresima moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, alikaa dirishani siku zote arobaini. Sikuwahi kujua baba alikosa nini. Najua tu kwamba siku ya Pasaka, mteremko wa kutoka Nyundo ukiwa umejaa ukungu, mama aliuchukua mkoba akauweka miguuni, akasogea. Baba alibadilisha gia taratibu sana, kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa.

Injini ilikufa kwenye mlima huohuo wa Nyundo baba akiwa hai bado. Tulilivuta gari hadi nyumbani kwa kamba. Baba akaugua, akaenda zake, na Mfaransa akabaki chini ya mparachichi.

Kilichotuamsha ni magoti ya mama. Yalivimba kiasi kwamba asubuhi alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Wanawake wa kanisani wakamwambia kuhusu chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kwamba ukiloweka miguu mara kwa mara utapata nafuu. Nikamwambia tutakodi gari, nitampeleka.

"La kukodi nitapandaje?" akasema. "Nitakwenda na langu."

"Mama, lako lipi? Lile halitembei."

"Basi litembezwe."

Fundi niliyemwendea alikuwa mtu wa zile familia za Waislamu wa mjini, mzee wa miaka sitini na kitu, kofia yake nyeupe ikiwa na alama ya kidole cha oili ambayo nadhani haikuwahi kufuliwa ikatoka. Baba alikuwa mteja wake. Alikuja kwa miguu, akazunguka gari mara mbili kabla ya kuligusa, akafungua boneti, akainama humo muda mrefu hata nikadhani amesahau kilichomleta.

"Dada," akasema mwishowe, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, "hii moteri, injini yenu, imekufa. Haiko kulala, ni kufa. Blok, mwili wake wote, imepasuka. Bon, na nyingine kama hii, hata Goma hauwezi kuipata."

"Sasa tufanyeje?"

"Tutaweka moteri ya Kijapani. Ile ni nyepesi, inakula petroli kidogo, na spea yake iko kila mahali." Akaingiza kichwa ndani ya gari, akapiga kile kiti kirefu kwa kiganja. "Lakini gia itatoka chini, hapa katikati. Donc tutakata hiki kiti."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Sikujua kama amesikia.

"Kiti hakikatwi," akasema.

"Mama mukubwa, bila kukata gia itapita wapi?"

"Hiyo ni kazi yako. Mimi nimesema kiti hakikatwi." Akageuka akaingia ndani.

Fundi alinitazama. Sikuweza kumweleza habari za mkoba mweusi na Kwaresima. Kuna mambo ya wazazi ambayo mtoto huyaona lakini si yake kuyasimulia. Nikasema tu kwamba tafadhali atafute njia. Alikuna shingo, akaondoka akijisemea. Baada ya siku nne akanipigia simu, sauti imechangamka kama kijana.

"Mabasi madogo ya Kijapani ya zamani!" akasema. "Nayo gia yake iko ku usukani. Tukipata moteri pamoja na giaboksi yake, nafunga vyuma vyake, napandisha juu, kiti kinabaki kizima. Na mi najua moja iko wapi."

Lilikuwa Nyundo, kwa mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyerudi kutoka Uganda. Basi lake lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, limezungukwa na migomba, halina kioo hata kimoja, na ndani walikuwa wanaishi kuku. Mzee alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuletea chai, akasema injini ile ilikuwa nzima siku alipoliegesha basi na hana matumizi nayo. Mwili wa basi ubaki, maana kuku watalala wapi? Tukakubaliana haraka kuliko nilivyotarajia. Kisha akatupeleka kuiona, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Katika mabasi yale injini hukaa chini ya viti vya mbele. Juu ya kifuniko chake, kwenye shimo la sponji iliyochanika, palikuwa na kuku mwekundu ametulia, akitutazama kwa jicho moja.

"Ah," mzee akasema. "Sorry, dada. Huyo hawezi kutoka. Ameanza kulalia juzi."

"Tumuhamishe na mayai yake," nikasema.

"Ukimuhamisha anayaacha. Huyu namjua." Akasema kwa heshima, kama anayemzungumzia afisa aliyewahi kuwa juu yake. "Mungoje atotoe. Three weeks tu."

Fundi alicheka hadi akashika mlango wa basi. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimeshafunga duka langu la ushonaji kwa ajili ya siku hiyo. Hatukuwa na la kufanya. Tukarudi mjini.

Majuma yale matatu nayakumbuka kama usingizi wa mchana. Yalikuwa majira ya ukungu. Asubuhi ziwa halikuonekana kabisa, ilisikika tu sauti ya wavuvi wakiimba mahali fulani ndani ya weupe. Fundi alikuja kila alipopata nafasi, akaitoa injini ya zamani kwa winchi aliyoifunga kwenye tawi la mparachichi. Ilipanda polepole, ikazunguka kidogo hewani, nyeusi, ikidondosha oili. Nikaomba isiondolewe, iwekwe pembeni ya nyumba juu ya mbao, nikaifunika turubai. Nilikuwa na wazo la kuisafisha na kuitunza. Ndiyo iliyotupeleka shule. Usiku wa mvua, nikiwa mtoto, niliijua sauti yake ikiwa bado chini barabarani, ule mkoromo wa mzee anayepanda ngazi, nikajua baba amefika na mtu anaweza kulala.

Nilikitoa kile kiti nikakipeleka kwenye cherehani zangu, nikakishonea ngozi mpya ya plastiki ya kahawia, karibu na rangi ile ya kwanza. Nilipoivua ya zamani nilikuta chini yake vijiti vya mbao, kifungo cha nguo, na maharage mengi sana.

Siku ya ishirini mzee wa Nyundo alinipigia. Alisema neno moja tu: "Wametoka." Walikuwa tisa.

Fundi alifanya kazi mwezi mzima. Alichomelea vishikizo vipya vya injini, akalikata shafti akalifupisha, akabadilisha rejeta, na zile fimbo za gia alizifunga na kuzifungua nisijue mara ngapi. Kuna jioni alikaa kwenye kiti cha dereva akisogeza gia moja, mbili, tatu, macho yamefumbwa, midomo ikitembea kama anayesali. Siku injini mpya ilipowaka, iliwaka mara ya kwanza tu ilipoguswa. Haikukoroma. Ilitoa sauti nyembamba, safi, ya kitu kinachojua kazi yake.

"Yampaye inka!" mama akasema kwa Kinyarwanda kutoka mlangoni, yaani 'alinipa ng'ombe', msemo wetu wa kushangilia, akapiga makofi.

Tulipomaliza ukaguzi na kubadilishiwa karatasi za injini, tukaenda Nyamyumba, Jumamosi, mimi na yeye tu. Nilisimama nimeshika mlango nikitazama atakaa wapi. Akakaa dirishani. Alitaka hewa.

Barabara ya ziwani ilikuwa na jua jembamba. Kila kitu kilikuwa kama zamani: usukani mkubwa, mwembamba, boneti ndefu mbele yetu, harufu ya sambaza, ambayo hata injini mpya haikuifukuza. Lakini tulipofika kwenye mlima wa barabara hiyo, pale ambapo baba alikuwa akirudisha hadi gia ya kwanza na sisi sote tukiinama mbele ili kumsaidia, gari lilipanda tu. Lilipanda na gia ya tatu, bila kulalamika. Nikahisi kama nimeingia nyumba ya utotoni nikakuta mtu nisiyemjua amekaa mezani, mtu mwenye adabu, aliyenisalimu vizuri. Juu kileleni nikasimamisha gari pembeni. Chini yetu mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imetulia, mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu. Nilikuwa nalia na sikuwa nimejua.

"Kuna nini?" mama akauliza. "Limeharibika?"

"Halijaharibika. Simsikii baba, mama. Nilidhani nikilitembeza nitamsikia."

Mama akaanza kucheka, cheko la chinichini lililomtikisa mabega.

"Mwanangu, baba yako aliichukia ile injini."

"Baba?"

"Aliichukia! Kila mlima aliitukana kimoyomoyo. Nyinyi mliona anatingisha midomo mkadhani ni rozari. Alitaka kuitoa tangu wewe uko sekondari. Mwaka huu paa, mwaka ule karo ya mdogo wako, hivyo hivyo. Kamuulize fundi."

"Mbona hukuniambia? Nimeiweka chini ya turubai kama maiti!"

"Nilidhani unataka kuuza vyuma," akasema, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. "Twende. Maji yasije yakajaa watu."

Kwenye chemchemi alivua viatu, akakaa juu ya jiwe kati ya wanawake wengine, akaingiza miguu taratibu huku akivuta pumzi kati ya meno. Mvuke ulimpanda hadi kifuani. Baada ya nusu saa alikuwa anawasimulia wageni wale habari za kuku wa Nyundo, akiongeza vifaranga hadi kumi na wanne. Mimi nilikaa ukingoni, miguu yangu nayo ndani ya maji, nikijaribu kumpanga upya kichwani yule baba wa milimani, aliyetingisha midomo.

Jumatatu nilipitia kwa fundi. Nikamuuliza.

"Ndiyo, alikuja," akasema, bila kuacha kufunga nati. "Mara tatu, mara nne. Alisema, 'Fundi, hii kitu itaniua mbele ya watoto.' Tulikuwa tunatafuta moteri."

"Na ulinyamaza siku zote hizi?"

Aliinua kichwa. "Wewe ulikuwa unashika ile moteri na mikono yote mbili, unataka kulia. Mi niseme nini? Niseme muzee alikuwa anaitukana?"

Nilimwambia aje aichukue. Akaja na vijana wawili na mkokoteni. Sehemu za alumini akawauzia wanaoyeyusha na kutengeneza sufuria, zingine akaziweka katika karakana yake, maana fundi hatupi kitu. Nilidhani nitaumia kuiona ikitoka getini. Niliumia kidogo, kama mtu anayemuaga mgeni aliyekaa sana.

Magoti ya mama hayajapona, ila sasa anashuka kitandani bila ukuta. Maharage huyachambulia jikoni siku hizi, kwa sababu gari halipo mchana. Nalitumia kupeleka sare za shule. Watoto wa mjini hulipiga picha nikiegesha. Mzee wa Nyundo aliwahi kuomba apande kidogo asikie injini yake ikifanya kazi, tukazunguka naye hadi ziwani, akasikiliza, akasema yes, ni yenyewe. Na mama juzi ameanza kusema kuhusu Kibuye, mji wa mbele zaidi kando ya ziwa, kwamba hajafika huko tangu turudi, kwamba barabara ni nzuri. Nimemwambia tungoje mvua zipungue.