Kaboni za Foronya

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba karatasi ya kutupwa inaweza kuua mtu. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Mtwara, miaka ya vijiji vya ujamaa, na ng'ambo ya Ruvuma vita na Wareno bado vinaendelea. Nilipiga chapa orodha za familia zilizovuka mto zikapokewa Kitaya, upande wetu: majina yao, na vijiji walikowaacha wazazi wao.

Wasichana tulikuwa na wazimu wa kutarizi foronya. Ua linahamishwa kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, na kaboni dukani hakuna. Zile zilizochoka ofisini kwa kutolea nakala nilipaswa kuzichoma, maana herufi hubaki juu yake. Mimi nikawa nazikunja, natia mkobani. Najiona mwerevu, kumbe mjinga wa kupigiwa mfano.

Alasiri moja Mzee Chilumba, karani wetu mkuu, alikuja kumjulia hali mama, aliyekuwa mgonjwa. Akaona kaboni mkekani. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasoma jina moja baada ya jingine. Niliona aibu, kisha nikaogopa.

"Zimetoka ngapi?"

"Mbili, baba. Nyingine nimempa Somoe, hapo jirani. Kamfungia wifi yake wa ng'ambo pamoja na foronya. Kaka yake Somoe anavuka mto nayo kesho."

"Binti, Wareno wakiisoma hiyo watawafuata vijijini. Watoto wamekimbia kifo, nawe unawapelekea wazazi wao kifo kwa ajili ya maua. Inuka twende."

Tulikuta mzigo umeshafungwa. Tukaufungua, kaboni ikatoka katikati ya vitambaa, na mzee akaichoma jikoni kwa Somoe pamoja na ile yangu ya mkekani. Nilidhani nimepoteza kazi. Kesho yake akanikabidhi kiberiti: kuchoma kaboni zote za ofisi, si zangu tu, kukawa jukumu langu. Hakuna iliyonipotea tena. Amani ilipokuja, wazee kadhaa walivuka wakawakuta watoto wao Kitaya, nami nikala pilau yao nikilia.

Sasa wewe una kompyuta ya ofisi, na flashi ya nyimbo unaichomeka humo humo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ya nyumbani ibaki nyumbani, ya kazini isitoke bila ruhusa, na ya kuokota usiijaribu hata kidogo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mzigo haujavuka.

Mungu akupe mkono mwaminifu, mwanangu, na watu usiowajua walale salama kwa sababu yako.