Mtoto Hajaulizwa

Mwaka niliokuwa kidato cha nne, hoteli za Diani zilikuwa tupu. Vurugu za Likoni zilikuwa zimepita mwaka uliotangulia, watalii wakakimbia, na mama yangu, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli mojawapo, akawa anaitwa kazini siku za kubahatisha tu. Shule yangu ilikuwa upande wa Msambweni, shule ya bweni ya wasichana. Katika ukoo wa mama mimi ndiye msichana wa kwanza kufika darasa lile, na watu wa nyumbani walikuwa wakilitaja jambo hilo hata pale ambapo halikuhusu. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Nilitaka kusomea uuguzi, na bila mtihani ule uuguzi ungebaki hadithi.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu wa bara, mlokole, mwanamume mrefu asiyependa kelele. Sitamsema vibaya zaidi ya anavyostahili. Bangi ilikuwapo kweli. Ufukweni iliuzwa mchana kweupe, na unga wa kulevya ulikuwa umeanza kuwamaliza vijana wa Ukunda, vijana tuliowajua kwa majina ya mama zao. Mkuu aliapa mbele ya gwaride kwamba katika shule yake haitaingia, na nadhani aliapa kwa moyo safi. Shida yake ni kwamba mtu aliyeapa kumkamata mwizi humwona mwizi kila kichakani.

Mimi nilikuwa na maradhi ya kila mwezi. Siku ile ikifika tumbo lilinikunja mpaka nikawa siwezi kusimama, na vidonge vya zahanati vilikuwa kama maji. Bibi yangu wa Gazi alinikaushia majani ya mvumbasi na mengine aliyoyajua yeye, akayafunga kwenye kipande cha gazeti, akanifundisha kujifukiza. Unaweka makaa kwenye kopo, unanyunyiza majani, unajitanda kanga mbili, unasimama juu ya ule moshi mpaka jasho likutoke. Wanawake wa kwetu wamefanya hivyo tangu wawepo. Na tangu wawepo hawakulizungumza mbele ya mwanamume, awe baba, awe kaka, awe mwalimu.

Jioni moja niliomba makaa jikoni, nikaenda nyuma ya mabafu. Mlezi wa bweni, mama wa makamo kutoka bara naye, alisikia harufu ya moshi akaja mbio. Alinikuta nimejitanda kanga, kopo miguuni, majani makavu yamefungwa kwenye gazeti. Alipiga ukelele uliowatoa wasichana wote bwenini.

Nilipelekwa ofisini vilevile, na kanga zangu. Mkuu aliuliza, "Umeyatoa wapi haya?"

"Nimepewa nyumbani," nikasema.

"Nyumbani! Ya kufanyia nini?"

Nikainamisha kichwa. Ningemwambia nini? Mlezi alikuwa amesimama mlangoni, mwalimu wa zamu naye yumo, mwanamume mwingine. Ulimi wangu ulikataa. Kwetu msichana akinyamaza mbele ya wakubwa husemwa ana haya, amelelewa. Kwa mkuu wa shule kimya changu kilikuwa na maana moja tu, na lile neno "nyumbani" lilikuwa limemwonyesha kwamba kwetu ndiko bangi inakotoka. Hakuniuliza tena. Aliandika kwamba nisimamishwe masomo na mzazi aje.

Baba yangu alikuwa amefariki zamani. Lakini hata angekuwa hai, kwetu Wadigo jambo zito la mtoto haliendi bila mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa makuti. Mapaa mengi ya hoteli za Diani aliyaezeka yeye, na viganja vyake vilikuwa vigumu vya kukwaruza. Nyumbani alimuuliza mama swali moja: "Ni bangi?" Mama akajibu, "Si bangi. Zaidi ya hapo usiniulize, kaka." Mjomba akasema basi. Alikuwa mtu wa kuelewa pale pa kukomea.

Alikuja shuleni amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushona kwa mkono. Mlangoni pa ofisi alivua makubazi. Mkuu alimwambia, "Vaa tu viatu, mzee," lakini hakuvaa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akawaulizia hali watu wote waliokuwamo, akawaulizia na watoto wao, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka yote.

"Mwalimu, kabla ya yote sisi tunaomba radhi. Mtoto ni wetu, na mtoto akikosa tumekosa sisi wazazi. Tuko chini ya miguu yako."

"Kwa hiyo mnakubali, mzee," akasema mkuu.

"Tumekubali, mwalimu. Tumekubali."

Mtu wa kwetu akisoma hapa ameshashika kichwa. Kwetu radhi huja mbele ya mazungumzo. Hata mwenye haki huiomba. Unajishusha, mwenzako anasema radhi imepokelewa, unajishusha tena kidogo, ndipo mnakaa vizuri na kuulizana nani kafanya nini. Mjomba alikuwa ameshajishusha, sasa anangoja aambiwe "imepokelewa, tuzungumze". Badala yake mkuu alishukuru kwa ukweli wake, akafunga jalada, akainuka. Akasema kwamba kwa kuwa mzazi mwenyewe amekiri, hana budi kunifukuza, nifungashe niende.

Tulitoka na sanduku langu la bati. Tulipofika kwenye lango mjomba alisimama katikati ya njia, makubazi bado yamo mkononi.

"Mbona tunaondoka?" akaniuliza. "Mbona hatujazungumza?"

Nilitamani kumpigia kelele. Nilitamani kumwambia kwamba adabu yake imenimaliza. Lakini adabu yangu mimi nayo ilikuwa imefunga mdomo wangu, kwa hiyo nilikuwa na haki gani? Tulitembea mpaka barabarani.

Nyumbani habari ilitangulia. Kijiji kina kamusi yake, na msichana aliyerudi kabla ya muhula kwisha ana maana moja humo: ana mimba. Wanawake waliokuja kumpa mama pole walinitazama tumbo kwanza, uso baadaye. Wenzangu shuleni walikuwa wanarudia hesabu na kemia. Mimi nilikuwa nasuka makuti na mjomba uani, naye kila baada ya muda alikuwa akisema, kama mtu anayezungumza na makuti, "Ningenyamaza tu siku ile. Ningenyamaza."

Aliyeamka ni mama. Hotelini kwao kulikuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na katika miezi ile ya kupunguza watu wote walikuwa wamejifunza mengi kwa uchungu. Mama alirudi jioni moja, hata buibui hajavua, akasema: "Kule kwetu hotelini mpishi akishukiwa kuiba kuku, anaitwa, anaambiwa shtaka lake, anasikilizwa. Ndiyo afukuzwe. Mwanangu amekuwa hana thamani hata ya kuku?"

Kesho yake walipanda kwenda Kwale, yeye na mjomba, mpaka ofisi ya elimu ya wilaya. Walikalishwa kwenye benchi asubuhi yote. Ofisa aliyewapokea hatimaye aliwasikiliza, akawaambia neno ambalo hakuna aliyekuwa amewaambia: mkuu wa shule anaweza kumsimamisha mwanafunzi, lakini kumfukuza peke yake hawezi. Jambo lazima lifike mbele ya bodi ya shule, mzazi awepo, na mtoto mwenyewe asikilizwe. Mjomba alimwomba alirudie lile la mwisho. Ofisa akalirudia, na akaahidi kuikumbusha shule.

Bodi ilikaa katika chumba cha maktaba. Mwenyekiti alikuwa mstaafu wa serikali, mtu wa Msambweni hapohapo. Kulikuwa na wanaume kadhaa na mwanamke mmoja, mfanyabiashara wa Ukunda aliyehamia kutoka bara. Mkuu wa shule alieleza, mlezi akaeleza. Kisha mwenyekiti akasema kwamba wamekwisha kushauriana, na kwa huruma ya mtihani ulivyo karibu wamepata njia. Mzee alikwisha kukiri na kuomba radhi. Akirudia radhi ile mbele ya bodi, iandikwe, mtoto asamehewe na arudi darasani leo.

Leo! Neno moja tu, na mjomba wangu alikuwa mtu wa kuligawa neno hilo bure, kwa majirani, kwa wateja, hata kwa kondakta aliyemkanyaga mguu. Nikamgeukia nikijua atalisema.

Mjomba alivua kofia, akaishika mapajani.

"Shikamooni tena, wakubwa," akasema. "Mimi siku ile niliomba radhi kama mtu anavyopiga hodi. Mtu akipiga hodi hajakiri kwamba ni mwizi. Nikangoja nikaribishwe tuzungumze, sikukaribishwa. Sasa mnataka niiombe tena iandikwe. Ile ya kwanza niliwapa. Hii sina."

Mkuu wa shule akasema, kwa upole, "Mzee, fikiria mtihani wa mtoto."

"Naufikiria usiku na mchana. Lakini mtoto hajaulizwa, mwalimu. Tangu siku ile mpaka leo, mtoto hajaulizwa. Muulizeni."

Niseme kweli, nilimkasirikia. Niliona mtihani wangu unaondoka na ile kanzu yake. Mwenyekiti akakohoa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akasema, "Haya, binti. Sema."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilimtazama mwenyekiti, nikamtazama mkuu, kisha macho yangu yakamwangukia mjomba na yakainama yenyewe. Mjomba akaona. Sijui alielewa nini hasa, lakini aliona ni yeye aliyenizibia njia. Akainuka polepole, akavaa kofia.

"Wakubwa, mimi natoka nje," akasema. "Mwanangu, sema yote. Mimi sipo."

Mlango ulipofungwa, yule mwanamke wa Ukunda alisogeza kiti chake, akakaa ubavuni pangu bila kuombwa. Nikasema. Nilisema nikiangalia meza. Nilisema tumbo, nilisema kila mwezi, nilisema makaa na kanga na majani ya bibi. Machozi yalinitoka, na sikuacha. Wanaume wawili waligeuza nyuso dirishani. Haya ile ilinichoma kuliko moshi wowote, na nimewahi kuuliza tangu hapo kwa nini haki ya mtoto wa kike ilipitia humo. Sijapata jibu la kuniridhisha.

Mwanamke yule akamgeukia mlezi wa bweni. "Yale majani yako wapi tuyaone?"

"Niliyachoma," akasema mlezi. "Nilitupa kwenye shimo la taka, nikayachoma siku ileile."

"Yalinukaje? Bangi unaijua harufu yake?"

Mlezi alitazama mikono yake. Alikuwa mama mwema, hata leo nasema. "Kusema kweli," akajibu, "mimi bangi sijawahi kuinusa maishani mwangu."

Mtu mmoja alitaka kucheka akajizuia. Mkuu wa shule hakucheka. Aliniuliza, na hapo ndipo nilipomsikia sauti ya baba wa watoto, "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambiaje, mwalimu?" nikasema. "Mlikuwa mmesimama wote."

Akamwambia mwenyekiti kwamba yeye hana shtaka tena, na kwamba neno la kusamehewa lisiandikwe, kwa sababu hakuna kosa. Hilo nampa. Si kila mkubwa anayeweza kulisema mbele ya watu wanaomwita bwana. Mwenyekiti akatangaza nirudi darasani kesho yake, jina langu libaki kwenye mtihani kama lilivyokuwa.

Mtihani niliufanya. Ukafika uuguzi, ukafika mshahara, na wasichana wengi wameletwa kwangu wamejikunja kwa maumivu ya tumbo, nami huwa nawatoa wanaume chumbani kabla sijafungua mdomo. Lakini siku ile sikuwa naona mbele hivyo. Nilikuwa nataka tu kutoka nikamwambie mjomba kwamba nimerudishwa.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za maktaba, juani, ingawa kivuli kilikuwapo palepale. Aliponiona alisimama haraka mpaka kofia ikamdondoka. Nikataka kusema. Akanitangulia. Hakuuliza nilisema nini mle ndani, na hakuja kuniuliza mpaka alipozikwa. Hata kama nimerudishwa shule hakuuliza.

"Wamekuuliza?" akasema.

"Wameniuliza, mjomba."

Akakaa tena palepale kwenye ngazi, akafunika uso kwa vile viganja vyake vikavu, akalia.