Masikio ya Dévote

Mtaani kwetu Baraka, ukitaka sabuni ya mawese isiyochubua mikono, utaelekezwa kwa Pulchérie. Sabuni ikianza kushikana ndani ya pipa, yeye huchota tone kwa ncha ya kijiti, huliacha lipoe, huligusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Kisha husubiri kidogo, uso umekunjwa. Ulimi ukichoma, soda bado ni kali. Alifundishwa hivyo na mama yake, Dévote, mkimbizi kutoka Burundi aliyeanza kazi hiyo hapa na akafia hapa.

Kwa miaka mingi Pulchérie na mumewe Alphonse hawakupata mtoto. Walikwenda Kampala kwa matibabu, wakarudi bila kueleza mengi, na baadaye Pulchérie akajifungua msichana katika hospitali ya hapa hapa. Aliyemwogesha mtoto mara ya kwanza ni mama mkwe wake, Koko Wilondja. Katika ukoo wao, mama wa baba ndiye anayeukagua mwili wa mtoto mchanga, akaona amefanana na nani, kisha akatoa jina. Koko aliyageuza yale masikio madogo huku na huku, akatangaza:

"Hii masikio ni ya Dévote. Nilimujua, tulikuwa tunauzisha naye soko moja. Mutoto ataitwa Dévote."

Pulchérie alijua kwamba masikio yale hayangeweza kutoka kwa mama yake. Lakini jina lilimfurahisha, akaliacha.

Mtoto alikuwa amepita miaka miwili malaria ilipommaliza damu. Alphonse alikuwa Ubwari akinunua mawese, na simu yake haikupatikana. Pulchérie alimfunga mtoto mgongoni, Koko akafuata na mkeka na sufuria. Hospitalini walielezwa kwamba mtoto anahitaji damu upesi, na kama ilivyo kawaida, ndugu ndio wapimwe. Darius, mpimaji wa labo ya hospitali, aliwapima wote watatu. Alifika mlangoni, akatazama matokeo, akarudi ndani kupima tena.

"Koko, damu yako inafaa," alisema alipotoka. "Iko O, sawa na ya mutoto. Mama, yako ni AB, haiwezi." Alishusha sauti. "Na tena, mama wa AB hawezi kuzaa mutoto wa O. Ni wewe ulimuzaa huyu?"

"Ni mi nilimuzaa."

Koko aliruka kutoka kwenye benchi. "Basi walitubadirishia! Siku ile Gentille naye alizaa, kitanda cha pembeni. Na ule mutoto wake anachekaka kama Alphonse, nilisemaka mi!" Alikaza kitenge kiunoni. "Naenda kwake sasa hivi. Aturudishie mutoto wetu, achukue wake."

"Koko, kwanza damu," Darius alimsihi.

"Damu yangu ni ya mutoto wetu. Huyu bandugu yake bakuje bamupe yao."

Mtoto alikuwa akihema mbiombio, viganja vyake vimekwisha rangi. Koko alikuwa ameshafika kwenye baraza la nje, mbele ya akina mama waliosubiri zamu. Pulchérie alimpita, akasimama mbele yake.

"Mama, usiende kwa Gentille. Huyu ndiye mutoto wa Alphonse."

"Na Darius anasema uongo?"

"Anasema haki. Yai halikuwa langu." Hakunong'ona. "Kule Kampala munganga alikuta mayai yangu yamekwisha mbele ya wakati. Walichukua yai la mwanamuke mwingine, hatumujui, naye hatujui. Wakaliunganisha na mbegu ya Alphonse, wakaliweka katika tumbo langu. Nilibeba mi, nikazaa mi, nikanyonyesha mi. Hiyo O, upande mumoja aliipata kwa Alphonse, na Alphonse aliitoa kwako. Upande mwingine ni wa ule mwanamuke."

Koko alimsogelea.

"Alphonse anajua?"

"Tulipatana wawili."

"Na akanificha mi, mama yake! Arudi tu na mawese yake, ataniona." Kisha akakumbuka jambo. "Na masikio?"

"Si ya mama yangu. Pengine ni ya ule mwanamuke."

"Kumbe nilisoma masikio ya muntu wa Kampala!"

Akina mama walicheka. Pulchérie hakuinamisha kichwa. Koko aligeuka, akapita katikati yao, akaketi kwa Darius na kunyoosha mkono.

"Toa. Lakini usinichome mara mbili-mbili kama ng'ombe wa chanjo."

Jioni, damu ikishuka polepole kwenye mshipa wa mtoto, Koko alisema, "Mutoto ni wetu, neno hilo limekwisha. Lakini jina nitaliondoa. Nililitoa kwa makosa. Hana kitu cha Dévote."

"Mama, wewe ndiye mwenye kutoa jina," Pulchérie alijibu. "Hata umuite nani, mi ndiye mama yake."

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, na mtoto akaomba uji. Pulchérie alimsogezea kijiko. Mtoto aliugusa uji kwa ncha ya ulimi, akarudisha kichwa nyuma, akasubiri, uso umekunjwa. Ndipo akafungua mdomo.

Koko alisogea karibu. "Hebu rudia."

Kijiko cha pili, vilevile.

"Dévote alikuwa anafanya hivi hata kwa chai," Koko alisema. "Tulikuwa tunamuchekaka soko nzima. Nani alimufundisha huyu?"

"Hakuna. Namukatazaka kukaribia pipa, anakaa mulangoni, ananiangalia."

Koko alimnyang'anya kijiko, akaanza kumlisha mwenyewe.

"Jina linabaki," alisema. "Masikio tumuachie mwenyewe wa Kampala."